Kiti cha Nyuma ya Dereva

Zorivka, Saskatchewan
3 Oktoba 1971

Dada Dokia,

Barua yako imenikuta shambani nang'oa viazi, nikaifungua kwa mikono ile ile yenye udongo, kwa hiyo sasa ina alama za vidole vyangu kila pembe. Sisi wazima. Baridi imeanza kung'ata asubuhi lakini theluji bado.

Jipya ni kwamba siku hizi nafuatana na Wasyl kwenye basi la shule. Usicheke. Nakaa kiti cha mbele, nyuma yake kabisa, asubuhi na alasiri, maili ishirini na nane kwenda na ishirini na nane kurudi. Tangu tuwakodishe akina Kuzyk mashamba, nyumba imekuwa kubwa mno kwangu mchana. Nikaona heri nipande basi nipige soga na mume wangu. Amenibandika jina, ananiita redio. "Redio imeshawashwa," huwaambia watoto, nao hucheka.

Mwaka huu wako kumi na mmoja. Wa mwisho kumpakia ni Lesia wa akina Hnatiw, ana miaka sita, mfupi hivi kwamba ngazi ya basi anaipanda kwa mikono na miguu.

Wasyl ni mzima kabisa. Mwezi uliopita alikwenda kupimwa macho, kama madereva wote wa shule wanavyopimwa kila mwaka, akasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho, ule ambao mimi sioni hata kama ni mstari. Daktari alimsifu. Nakuambia haya kwa kuwa uliuliza. Na lile sanduku la barua la Kuzyk aliloligonga lilikuwa limesimikwa karibu mno na barabara. Kuzyk mwenyewe alikiri, na amelisogeza.

Niandikie habari za mguu wako.

Mdogo wako,
Stefania

*

Thunder Bay
17 Oktoba 1971

Stefka mdogo wangu,

Mguu unauma, lakini tuuache mguu.

Tulilala kitanda kimoja miaka kumi na minne, nakujua. Wewe asubuhi hukuwa mtu wa kusema. Mama alikuwa akisema Stefka huamka vipande vipande, mwili kwanza, ulimi baadaye saa nne. Leo unaniambia unapiga soga maili ishirini na nane kabla hata jua halijatoka?

Halafu, mimi sikuuliza habari za macho yake. Niliuliza kama Wasyl hajambo, basi. Wewe ndiye uliyenijibu habari za macho.

Nikakumbuka arusi ya Agosti. Nilimnyooshea Wasyl kikombe cha chai ubavuni kwake, mkono wa kushoto, nikasimama pale kama sanamu. Hakukigusa. Alikuwa akizungumza na mtu aliyekuwa mbele yake, na huyo alikuwa akimwona mpaka vifungo vya shati. Nilikasirika, nikadhani shemeji ananidharau. Sasa namkumbuka baba yake, mzee Worobec, alivyokuwa akishikwa mkono kuingizwa kanisani, na bado akirudi nyumbani anasoma gazeti. Aliona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba likazidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka.

Jambo hili lina neno lake, mdogo wangu. Ni kujidanganya. Sikutukani. Nakuomba ulitazame neno hilo uone kama linakuenea.

Dada yako,
Dokia

*

Zorivka
29 Oktoba 1971

Dada,

Neno lako nimekaa nalo siku sita. Nimekanda mkate nalo, nimefua nalo. Halinielei.

Kudanganya nakufahamu. Wako watu wawili, mmoja anajua na mwingine hajui, na yule anayejua anamficha asiyejua. Mimi ni mtu mmoja. Nitakaaje pande zote mbili za meza? Kama najua, basi sijadanganyika. Kama sijui, basi sijamdanganya mtu. Neno lako ni kama glavu yenye vidole saba.

Ninayoyajua ni haya. Wasyl ameshika usukani wa basi lile miaka kumi na minne na hajawahi kumgusa hata kuku wa mtu. Herufi zile alizisoma mwenyewe, hakunong'onezwa. Shule ya hapa kwetu ilifungwa zamani, na basi likisimama watoto watakaa nyumbani, kwani mwingine mwenye leseni ya basi ni mke wa Kuzyk peke yake, naye ana mtoto mchanga. Na Wasyl bila basi atakuwa nini? Ng'ombe tumeuza. Mashamba wanalima wengine. Ukimwondolea na usukani umemwachia viatu tu.

Wewe nawe usiniandikie habari za kujidanganya hali koti la Harasym linaning'inia mlangoni pako. Mwaka wa nne huu tangu mumeo aende migodini kaskazini. Nilipokuja Pasaka nililiona. Limepigwa brashi.

Stefania

*

Thunder Bay
12 Novemba 1971

Stefka,

Umenipiga penyewe, na ulikuwa na haki.

Harasym ana mwanamke huko. Nilijua tangu mwaka wa pili. Mtu mmoja aliyefanya naye kazi alikuja hapa kwa ibada ya Kwaresima, tukakaa meza moja, akaanza kusema, "Dokia, kuhusu Harasym." Nikamwongezea supu. Alipofungua mdomo tena nikamwongezea mkate. Mpaka akaondoka alikuwa ameshiba na hakuwa amesema. Nikarudi nyumbani nikapiga koti brashi.

Kwa hiyo nikuambie linavyofanya kazi, maana mimi ni fundi wake. Unauliza mtu mmoja atakaaje pande mbili za meza. Watu hudhani anayejidanganya ni mtu asiyejua. Sivyo. Asiyejua hupita popote, hufungua mlango wowote, humwuliza yeyote. Mimi nilijua nisimwulize nani, nisiende posta siku gani, nibadilishe mazungumzo yakifika wapi. Huwezi kulikwepa shimo miaka miwili bila kutumbukia hata mara moja kama hujui lilipo.

Wala usiliite matumaini. Mwenye matumaini hutuma mtu akatazame. Mimi sikutuma mtu.

Lakini koti langu, Stefka, halimkanyagi mtoto wa mtu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Asubuhi moja, yoyote, ukishuka kwenye basi, kaa uandike yote uliyomwambia Wasyl njiani. Neno kwa neno. Usichague. Nitumie.

Dokia

*

Zorivka
25 Novemba 1971

Dada,

Naandika kukuridhisha tu, ili uone ni soga za kawaida.

"Leo barafu imeshika pale kwenye mteremko." "Watoto wa Kuzyk wameshatoka, wawili kulia, mkubwa yuko karibu mno na lami." "Paka wa nani huyo kushoto? Haya, amepita." "Lori la maziwa linatoka kwa Bodnar, jamani lina haraka." "Bado linakuja." "Limepita." "Reli ni tupu huku na huku." "Kioo chako cha kulia kina theluji lakini hakuna mtu." "Lesia huyo. Yuko mbele yetu. Yuko mbele yetu bado. Ameshika ngazi. Ameingia."

4 Desemba

Barua hii nilipoimaliza niliisoma, kisha nikaitia kwenye droo chini ya vitambaa vya meza, ikakaa siku tisa. Hakuna soga hata moja humo, Dokia. Hakuna habari ya jirani wala ya mama wala ya bei ya sukari. Nilikuwa sijui nasema nini mpaka niliposoma mwandiko wangu.

Nimeitoa leo kwa sababu ya jana.

Jana alasiri tulimshusha Lesia kwao. Nyuma mtoto alikuwa akitoka damu puani, nikamwendea na kitambaa, nikainama, na kwa muda huo sikusema kitu. Lesia alishuka, akapita mbele ya basi akavuka. Kumbe alikuwa ameangusha glavu, akarudi kuifuata, si mbele, ubavuni, kwenye gurudumu. Basi likaanza kwenda. Nilipoinua kichwa niliona kofia nyekundu chini sana dirishani, chini kuliko inavyopaswa kuwa.

Nikasema simama. Hata sikupiga kelele, sauti haikutoka vizuri. Akakanyaga breki.

Nilishuka. Gurudumu lilikuwa juu ya glavu. Mtoto amechutama, mkono umenyooshwa kuivuta, anaivuta kweli, ananiangalia kama anayesema nimsaidie.

Niliporudi ndani Wasyl alikuwa ametazama mbele. Akasema, "Nilimwona."

Nikamjibu, "Najua ulimwona."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Watoto kumi wananisikia. Tukaendelea na safari, nami nikaanza tena, reli ni tupu, lori limepita, mpaka nyumbani. Jioni nimempikia viazi vya kukaanga na vitunguu, akala vizuri. Nimo ndani ya kitu, Dokia, na sioni mlango wake uko wapi. Nikinyamaza barabarani nitaua mtoto. Nikisema, basi litaendelea kwenda, na siku moja nitapiga chafya.

Stefania

*

Zorivka
6 Desemba 1971

Shemeji Dokia,

Mimi si mtu wa kuandika, unanijua. Unisamehe mistari ikipandana.

Nataka tuzungumze habari za Stefania. Naona hayuko sawa. Ananifuata kwenye basi kila siku na kusema yote anayoyaona njiani, kama mtoto anayejifunza kutaja vitu. Majuzi alinisimamisha kwa ajili ya glavu. Alitetemeka mpaka nyumbani. Nadhani ni mishipa, na huku kukaa bila kazi. Ungemwalika aje kwako kabla ya Krismasi, hata mwezi mzima. Mwambie mguu wako umezidi, atakuja.

Mimi nitakuwa salama. Nikiwa peke yangu kwenye basi kichwa kitatulia. Anavyotaja kila kitu, mtu anaweza kuanza kudhani hawezi mwenyewe. Barabara ile naijua hata usiponiwashia taa. Na mtihani nilisoma herufi zote, Stefania shahidi.

Usije ukadhani ni mambo ya baba. Baba ndiye aliyekuwa na macho mabaya, lakini yeye alikuwa mzee. Yalipomfunga alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mimi nina hamsini na miwili.

Usimwambie nimekuandikia.

Shemeji yako,
Wasyl Worobec

*

Thunder Bay
11 Desemba 1971

Stefka,

Posta imeniletea barua mbili siku moja, yako na ya mumeo. Yake naiweka ndani ya bahasha hii. Aliniomba nisikuambie, lakini siwezi kuwa mtu wa tatu katika jambo hili. Isome polepole. Mistari imepandana, mwingine umetoka nje ya karatasi na yeye ameendelea kuandika juu ya meza.

Anataka uondoke. Usiondoke. Sikualiki, mdogo wangu, na mlango wangu nimeufunga kwako kwa mara ya kwanza katika maisha yetu.

Mezani pangu ipo barua nyingine, ya kamati ya shule. Ina majina, ina siku, ina habari ya glavu. Stempu nimebandika. Jumatatu ya tarehe ishirini naipeleka. Sikutishi. Nakupa siku hizi ili kamati wasikie kutoka kwenu wawili, wasisikie kwangu. Utanichukia. Heri unichukie nikiwa Thunder Bay kuliko mama wa Lesia akuchukie akiwa makaburini.

Dokia

*

Zorivka
17 Desemba 1971

Dada,

Barua yako ya kamati itie jikoni iwake. Hakuna basi tena.

Bahasha yako ilifika Jumanne. Nilisoma barua ya Wasyl nimesimama barazani na koti langu. Kwanza nilikasirika kwamba amenifanya mwendawazimu. Kisha nikasoma tena ile habari ya baba yake, hamsini na mitatu, hamsini na miwili, nikaona kwamba amekuwa akihesabu. Mtu asiyejua hahesabu.

Jumatano asubuhi nilipanda basi kama kawaida, likiwa bado uani kwetu, hakuna mtoto hata mmoja ndani. Giza bado. Nikakaa kiti changu. Wasyl akawasha mashine, akaiacha ipate joto. Nami nikanyamaza.

Alingoja. Akasema, "Redio imeharibika leo?"

Akaachia breki, basi likasogea kama hatua kumi kuelekea langoni, likasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, shingo ikienda kama ya ndege. Mbele yetu taa zilimulika theluji tu.

"Stefka, mbona husemi?"

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Barabara ni ile ile, Wasyl. Iko mbele yako."

Akasema nisimfanyie hivyo, watoto wa Kuzyk wamesimama kwenye baridi. Nikamwambia basi twende. Hakwenda. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, ile glavu ya ngozi niliyomshonea kidole gumba. Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa, kama kuna kitu karibu na gurudumu la kulia.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza.

Hapakuwa na kitu, Dokia. Palikuwa na theluji tupu. Lakini yeye hakuwa na njia ya kujua, nami nilikaa nyuma yake nikamwacha hivyo, mume wangu wa miaka ishirini na sita, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumtendea mtu. Akazima mashine. Kelele zilipokatika nikamsikia anavyopumua.

"Sijui," akasema.

Nikahamia ngazini ili niwe mbele yake anione. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno ya mwaka juzi, pale mbwa wetu alipomtokea ghafla ubavuni mwa trekta, akadhani amemkosa. Kisha akaniuliza, "Na wewe?"

Nikamwambia tangu siku ile ile. Hakumkosa; mimi ndiye niliyemzika mbwa yule nikamwambia ametoroka.

Tulikaa mle mpaka kioo kikaganda. Hakuna aliyelia. Aliniambia alifurahi nilipoanza kupanda basi, na kwamba hakuwahi kujiuliza kwa nini alifurahi. Alijizuia kujiuliza, akasema. Likimjia alikuwa akiwasha redio ya kweli.

Kisha nikaingia ndani nikapiga simu nyumba baada ya nyumba. Kuzyk akawachukua watoto wote kwa lori lake. Wa mwisho kumpigia alikuwa mama wa Lesia. Alikata simu kabla sijamaliza. Saa tano alikuja mwenyewe, amevaa viatu vya zizini, akasimama mlangoni asikubali kuingia.

"Mlijua tangu lini?"

Dada, jibu lilikuwa limeshaniiva mdomoni. Tangu wiki iliyopita tu, mama Lesia, mara tulipogundua tu. Lilikuwa jibu zuri, lingetuokoa wote, na nusu yake nilikuwa nimeshaanza kuiamini. Wasyl alikuwa amekaa mezani, mgongo kwetu. Nikamwambia, tangu mwaka juzi. Sote wawili.

Akasema, "Nilikuwa nakupungia mkono. Kila asubuhi nilikuwa nakupungia mkono." Akaondoka. Kanisani jana jioni alihamia upande mwingine, na wengine wakahama naye.

Stefania

*

Zorivka
8 Januari 1972

Dada Dokia,

Asante kwa asali. Kutia yetu, ule uji wa ngano wa Krismasi, imepata asali ya Thunder Bay mwaka huu, na mbegu za popi alinipa mke wa Kuzyk, mmoja wa wachache wanaotusalimu. Yeye ndiye anayeendesha basi sasa, mtoto wake mchanga analala kwa bibi yake. Mama wa Lesia bado hajasema nami. Sitegemei.

Tulikwenda Saskatoon kwa daktari wa macho. Alimwekea Wasyl kichwa ndani ya bakuli jeupe, akamwambia abonyeze kitufe kila akiona nukta ya taa. Nilikuwa nimekaa ukutani naziona nukta zinawaka pembeni, nyingi, na kidole cha Wasyl kimetulia. Daktari alisema ni ule ule ugonjwa wa baba yake na hakuna dawa. Herufi za ukutani hupima sehemu ndogo ya katikati tu. Wasyl alimshukuru akavaa kofia. Njiani alisema maneno mawili tu, kwamba ana njaa.

Sitakudanganya kwamba nyumba imepata amani. Imekaa kimya. Saa moja na nusu kila asubuhi basi linapita, anasimama dirishani mpaka mlio ukatike. Mimi nami naona aibu kukuambia hili, lakini zile asubuhi za uongo ndizo tulizozungumza kuliko miaka yote ya ndoa yetu, na ninazikumbuka kwa hamu. Sasa sina la kusema. Nikimwambia kiti kiko kushoto anaudhika. Nisipomwambia anakigonga. Theluji imefika madirishani, na sisi wawili tumo humu mpaka Aprili.

Juzi, mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya kale, niliandaa meza, vyakula vyote kumi na viwili, kwa watu wawili. Unajua desturi, hakuna anayegusa kijiko mpaka nyota ya kwanza itoke, na nyumbani kwetu anayekwenda kuitazama ni Wasyl. Akavaa koti, akatoka barazani. Nikatoka nyuma yake. Aliinua uso, akasimama hivyo muda mrefu, pumzi zake nyeupe.

"Nimeiona," akasema. "Ile pale juu ya ghala."

Nikatazama juu ya ghala. Nikatazama kila upande. Mawingu yalikuwa yamefunika toka ukingo hadi ukingo, mazito, na theluji ilikuwa karibu kuanza. Chakula kinapoa ndani. Ilikuwa siku ya sikukuu, Dokia, na hapakuwa na mtoto wa mtu wa kukanyagwa. Nani angeumia?

Nikamwambia, "Hakuna nyota, Wasyl. Ni mawingu matupu."

Nikadhani nimeharibu Krismasi. Kisha akashusha uso akasema, "Nilitaka tu iwepo."

"Hata mimi."

Akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwapo. Sikumsogelea. Nilimwambia, "Niko huku, kulia kwako," naye akageuka, akanishika bega. Akaniuliza mawingu yako vipi. Nikaanza kumweleza, toka ghala mpaka barabarani, polepole, naye akiuliza kila nilipofika, na huko? na huko? Tulikuwa bado tumesimama theluji ilipoanza kuanguka.

Mdogo wako,
Stefania